Jumuiya ya mtaa: pesa zote zimo kwenye simu ya mwenyekiti. Tufanyeje bila kumvunjia heshima mzee?

MwanaWete

Assalaam alaykum. Naomba fikra za wanaozijua kazi hizi. Hapa Wete tuna jumuiya inayochangisha kwa ajili ya wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda hospitali za Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar, na Ramadhani hugawa futari. Wanachama ni kama 120, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi, mbali na jamaa wanaotuma kutoka Oman na Uingereza. Tumesajiliwa kwa Mrajis, msajili wa jumuiya wa Serikali, lakini akaunti ya benki hatujafungua. Michango yote huingia kwenye laini ya mwenyekiti, mzee wetu mwenye sifa njema aliyeshika nafasi hiyo tangu jumuiya ilipoanza.

Hakuna anayemtuhumu. Lakini walio nje wameanza kuuliza hisabu, wengine wamesita kutuma, na hapa mtaani wanaolipa wanapungua. Nataka kujua tuanze wapi kuzitoa pesa kwenye simu ya mtu mmoja, na vipi tuwarejeshe walioacha kuchangia. Katiba yetu haina muda wa uongozi.

DaftariChake

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, anza na hiyo laini kabla ya jambo jengine lolote. Hatari iliyopo si ya wizi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole vya mzee, kwa hiyo mbele ya kampuni ya simu zile pesa ni zake. Akifikwa na amri ya Mungu leo, salio linahisabiwa katika mirathi. Nyinyi mtabaki kutafuta mashahidi wa kuthibitisha mbele ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwamba humo mna amana ya watu, na mgonjwa aliyekwishapata rufaa hatokungojeeni mmalize. Mwelezeni mzee kwa njia hiyo. Hakuna tusi ndani yake, mnamtua amana shingoni, na wazee wengi wakisikia neno mirathi huwa wa mwanzo kusema "nendeni benki".

Benki yenyewe ni hivi. Kamati ikae kikao na iandike muhtasari wenye azimio linalotaja jina la akaunti kama lilivyo kwenye cheti cha usajili (herufi moja ikipishana mtarudishwa), tawi, majina ya watia saini na utaratibu wa kutia saini. Mchukue cheti, katiba, huo muhtasari, vitambulisho na picha za watia saini, na barua ya sheha, msimamizi wa mtaa wenu upande wa Serikali. Pitieni tawini kwanza mchukue fomu yao, maana kila benki ina nyongeza zake. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma za kiislamu kwa wasiotaka riba iingie kwenye sadaka zao.

Watia saini wawe watatu na saini mbili zitoshe. Jumuiya nyingi huandika "mwenyekiti na mshika fedha" basi. Siku mmoja amekwenda Dar kwa matibabu yake mwenyewe, akaunti inalala. Watatu hao watoke nyumba tatu tofauti. Mtu na shemegi yake wakitia saini pamoja, kwa watu hiyo ni saini moja. Na anayepokea pesa asiwe anayeidhinisha matumizi, wala anayeidhinisha asiwe ndiye anayeandika daftari. Hata mkiwa na kamati ya watu watano mnaweza kuzigawa kazi hizo tatu.

Akaunti ikishafunguka, ombeni lipa namba kwa jina la jumuiya kwa cheti hicho hicho, ili anayechangia aone jina la jumuiya kwenye simu yake kabla ya kubonyeza namba ya siri. Kwa walio nje hilo jina ni nusu ya hisabu wanayoidai.

Laini ya mzee msiifunge ghafla, watu watapeleka huko kwa mazoea. Iacheni kwa miezi mitatu, na kila Ijumaa salio lote lihamishiwe benki, makato yaandikwe kama matumizi. Siku ya kwanza ya kuhamisha, mzee aombe kwa kampuni taarifa ya miamala ya mwaka mmoja, salio lisomwe mbele ya kamati, watatu watie saini. Hapo ndipo hisabu mpya inapoanzia. Ya nyuma zaidi ya hapo msifukue kama hamna tuhuma, mtakuta sadaka za harusini na nauli za watu zisizo na karatasi na mtamdhalilisha mzee bure.

BintiMtambwe

Nakubaliana na DaftariChake, ila benki peke yake haitowarejesha watu. Wanaoacha kulipa hapa mtaani kwa kawaida hawajakosa hiyo elfu mbili. Wamelipa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hawakusikia kitu.

Chapisheni vitabu vya stakabadhi vyenye namba zilizopigwa kiwandani, kurasa 50, kila stakabadhi na nakala ya kaboni. Kuwe na orodha inayoonyesha kitabu namba fulani yuko nacho nani tangu lini. Stakabadhi iliyokosewa haichanwi, hupigwa mstari na ikabaki kitabuni, asili na nakala. Mkaguzi kitu cha mwanzo anachotafuta ni namba iliyoruka. Mkusanyaji mmoja apewe nyumba 20 mpaka 25, asizidishe, na pesa zisilale kwake zaidi ya siku mbili. Zikilala wiki huazimwa, na si kwa nia mbaya: mtoto kaugua, sukari imekwisha, "nitarejesha kesho".

Kisha kila mwezi bandikeni karatasi moja mlangoni mwa madrasa na muitume kwenye kundi la simu. Mfano tu:

Salio la mwezi uliopita 1,120,000
Michango ya wanachama 236,000
Kutoka nje 300,000
Wagonjwa watatu 410,000
Makato ya benki na simu 9,500
Salio 1,236,500

Mistari sita. Bila ya majina. Ile tabia ya kuandika kundini "fulani 50,000, fulani 1,000" mnaiona inahamasisha, kumbe aliye na elfu moja anaona haya na mwezi ujao hatoi kabisa. Andikeni namba za stakabadhi mkitaka, kila mtu ataitafuta yake. Na picha ya mgonjwa amelala kitandani na mipira puani msiitume hata akikubali. Ana shida, atakataa vipi?

Jambo jengine ni siku ya kukusanya. Mwisho wa mwezi ni wa mwalimu wa skuli na mtu wa hospitali. Mvuvi pesa zake zinafuata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, na akenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, haonekani wiki kadhaa. Mkulima ana pesa anapouza karafuu ZSTC, shirika la Serikali linalozinunua. Ruhusuni mtu alipe 24,000 kwa mkupuo msimu wa karafuu ukifika, au mvuvi alipe baada ya bamvua, na stakabadhi iandikwe miezi inayohusika. Wengi mnaowaita wadaiwa sugu si wakaidi, tarehe yenu tu ndiyo haiwafai.

UstadhKonde

Jazakumullahu khayran. Naongeza lililosahauliwa: mnapokea zaka au sadaka tu? Kama anayetuma kutoka nje anaandika "zaka" kwenye ujumbe na nyinyi mnaitia kwenye kapu moja na michango, mmeshaingia matatani kisheria ya dini hata kama hisabu ziko sawa.

Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tawba aya ya 60, na mgonjwa kwa ugonjwa wake si mmoja wao. Mgonjwa anayestahiki ni yule aliye fakiri au maskini, au aliyeelemewa na deni la matibabu. Mwenye duka na shamba la mikarafuu akipata rufaa, msaidieni kwa sadaka mkitaka. Kwa hiyo daftari liwe na safu tatu: zaka, sadaka, michango ya wanachama. Benki akaunti moja inatosha mwanzoni, mradi daftari linaonyesha salio la kila safu, na salio la zaka lisishuke chini ya kilichobaki kugawiwa. Mkipata nguvu fungueni akaunti ya pili.

Makato, uchapaji wa stakabadhi, nauli ya kamati: vyote hivyo vitoke kwenye michango ya wanachama. Wapo wanaosema kamati ni "wenye kuitumikia zaka" na wana fungu lao. Hao ni wale waliowekwa na mwenye mamlaka. Kamati ya mtaa ni wakala wa mtoaji tu, na wakala hajikatii.

Na kuna nukta moja katika malipo. Najua wengi watashauri mlipe hospitali moja kwa moja ili pesa zisipotee, na kwa sadaka ni sawa. Kwa zaka, madhehebu yetu ya Shafi yanataka mstahiki amilikishwe, yaani pesa ziwe zake kwanza. Basi pateni idhini yake, yeye au walii wake: "nimekuwakilisheni mnilipie". Mstari mmoja kwenye fomu ya maombi pamoja na saini au dole gumba, na shughuli imekwisha.

Zakatul fitri ni kitu mbali kabisa, ina wakati wake. Mkikusanya pesa taslimu nyinyi ni mawakala wa kununua chakula. Mnunue mchele, mpime pishi kwa kila kichwa, na uwafikie wenyewe kabla ya Swala ya Idi. Funga kupokea mapema usiku wa kuamkia Idi. Atakayeleta alfajiri mwambieni aipeleke mwenyewe kwa jirani yake.

MwanaWete

Allah akujazeni kheri. Zaka ndiyo, wawili wa Uingereza huandika hivyo na tumekuwa tukichanganya. Nitalipeleka kikaoni.

Sasa kuhusu uongozi wenyewe. Mzee akitoka, nani? Vijana wapo lakini wazee hawawaamini na pesa. Kuna na mwanasiasa mmoja ameahidi kutununulia gari ya wagonjwa kama tutamfanya mlezi. Na sheha anataka orodha ya wanaosaidiwa ipite kwake.

MzeeWaVikao

Usitoe mtu, badilisha katiba. Mkimtoa mzee kwa kura mtaa utagawika kwa miaka. Mkipitisha kifungu kwamba kila nafasi ni miaka mitatu na haizidi vipindi viwili, kianze siku ya mkutano, atamaliza kipindi chake kwa heshima na kila mtu anajua mwisho wake. Na zingatia: nafasi zote zisiishe mwaka mmoja. Mwenyekiti na mshika fedha wapishane japo kwa mwaka, asije akaingia mtu mpya akamkuta mwenzake mpya na hakuna ajuaye funguo iko wapi. Kifungu hicho kikishapita, pelekeni marekebisho kwa Mrajis. Katiba mpya iliyo mkononi mwenu na ya zamani iliyo kwenye faili lake ni mlango wa ugomvi.

Akidi, idadi ya chini ya watakaohudhuria, ndiyo inayoua mikutano mikuu. Katiba za kunakili huandika theluthi mbili. Kwa wanachama 120 hiyo ni watu 80, na hamtowapata hata siku moja, wengine wako dago, wengine shamba, wengine Unguja. Andikeni theluthi moja, yaani 40, na isipotimia mkutano uitishwe tena baada ya siku 14 na watakaohudhuria watoshe, isipokuwa kwa kubadilisha katiba.

Vijana hawaaminiwi na pesa kwa sababu hawajawahi kupewa kazi ya pesa ndogo. Muwekeni kijana awe naibu mshika fedha, aandike daftari mwaka mzima bila ya kugusa pesa. Mwaka wa pili awe mtia saini wa tatu. Hapo wazee wameshauona mwandiko wake na hisabu zake. Na nauliza, kina mama wako wapi katika kamati yenu? Nyumba kwa nyumba ndio wanaokusanya, wanajua nani hajapika tangu jana, halafu kikao kikiitwa wanaletewa taarifa. Mshika fedha mwanamke aliyekwishaendesha kikundi cha kuweka na kukopa anajua zaidi kuliko nusu ya kamati.

Mzee mpeni ulezi. Mlezi hukaa mbele, hufungua mkutano kwa dua, husuluhisha wanaogombana. Hatii saini, hapigi kura ya matumizi, na hilo liandikwe wazi. Mlezi mwenye saini ni mwenyekiti wa pili, na hapo hamjafanya kitu.

Ndiyo maana mwanasiasa asiwe mlezi. Hapa Pemba mnajua: siku anayokabidhi gari, nusu ya mtaa itaona jumuiya imeingia chama fulani na itaacha kulipa. Pokeeni mchango wake kama mwengine yeyote, kwa stakabadhi, bila ya jukwaa na bila ya bango. Katiba iseme kiongozi wa chama chochote cha siasa hashiki nafasi katika jumuiya. Na kabla ya kuipokea gari, kaeni na kalamu: dereva, bima, mafuta, matairi, mahali pa kulala. Kwa mapato ya laki mbili na nusu kwa mwezi gari haimalizi mwaka, itasimama mawe chini ya matairi na lawama zitakuwa zenu. Mwombeni badala yake alipie nauli za boti za wagonjwa kumi, tuone.

DaftariChake

La sheha mimi natofautiana kidogo na wanaosema asihusishwe. Sheha anazijua nyumba, na barua yake mtaihitaji benki na hospitali. Lakini ni mteule wa Serikali, na orodha ikitoka kwake watu watasema wanasaidiwa wa upande wake, hata ikiwa si kweli. Basi athibitishe jambo moja tu: kwamba mwombaji anakaa katika shehia. Nani asaidiwe na kwa kiasi gani iamue kamati.

Utaratibu wa maombi uwe mwepesi. Fomu ukurasa mmoja, nakala ya barua ya rufaa, watu wawili wa kamati wasio jamaa zake wamtembelee. Kwa dharura wekeni kiwango, tuseme 150,000, ambacho watia saini wawili wanaweza kuidhinisha kwa simu usiku huo huo, kisha waripoti kikao kinachofuata. Bila ya kiwango hicho ama mgonjwa atangojea kikao, ama mtu atatoa mfukoni na kudai kurejeshewa, na hapo ndipo daftari linapoanza kuchafuka.

Msaada wa rufaa ya Muhimbili ugawanyeni mafungu matatu tangu mwanzo: kwenda, kukaa, kurudi. Jumuiya nyingi hutoa kwa moyo mmoja siku ya kuondoka, tiketi ya boti ya mgonjwa na msindikizaji na pesa ya mkononi, basi. Baada ya wiki mbili msindikizaji yuko Dar hana chakula, na mgonjwa ameruhusiwa lakini hana nauli. Tiketi nunueni wenyewe. Pesa ya kukaa itumwe kila wiki, si yote kwa pamoja, maana mtu mwenye laki tatu mkononi katika mji wa watu hufuatwa na jamaa wasiojulikana. Nauli ya kurudi ibaki benki mpaka barua ya ruhusa iletwe kwenye simu ya katibu.

Na ahadi za nje zihisabiwe sifuri mpaka ziingie. Msimwambie mgonjwa "Oman wameahidi".

BintiMtambwe

Kwa vile umetaja futari, hapo ndipo uaminifu unapopotea hadharani, kwa hiyo hisabu ifanywe kwa vitu si kwa pesa tu. Tuseme nyumba 60, kila moja mchele kilo 10, unga wa ngano kilo 5, sukari kilo 3, mafuta lita 2, tende kilo 1. Mchele ni kilo 600, mapolo (magunia) 12 ya kilo 50. Unga mifuko 12 ya kilo 25. Sukari kilo 180, nunua mapolo manne, zitabaki kilo 20. Mafuta lita 120, na hapa chukueni chupa za lita mbili zilizofungwa, msinunue madumu sita ya lita 20 mkamimina wenyewe. Kila dumu litaacha kitu chini, sakafu itateleza, na nyumba ya mwisho itapata chupa haijajaa.

Mchele vilevile. Polo halitoi mafungu matano kamili ya kilo 10 kila mara, linapungua gramu mia kadhaa. Ongezeni polo la 13 na mpime kwa mizani, si kwa kopo, maana kopo la huyu limejaa mpaka juu na la yule limefutwa sawa na mdomo. Kinachobaki kiandikwe kimebaki na kimepewa nani. Kilo 20 za sukari zisizoandikwa ndizo zitakazozungumzwa barazani mpaka Idi.

Orodha ya ugawaji iwe na namba ya nyumba, idadi ya watu, saini. Nyumba ya watu kumi na mbili na ya bibi anayekaa peke yake zisipewe sawa, wekeni madaraja mawili. Na mizigo ipelekwe baada ya Isha kwa mlango wa nyuma, kijana mmoja na mama mmoja wa kamati. Mkiwapanga foleni uwanjani pamoja na mpiga picha, wenye shida hasa hawatokuja.

MwanaWete

Nimeshachapisha uzi huu wote, nampelekea mzee leo baada ya Magharibi. Swali la mwisho: mkaguzi tumtoe wapi, na hatuna pesa za kumlipa?

DaftariChake

Mwalimu wa hisabu za biashara wa skuli ya sekondari, au mtu wa benki aliyestaafu, asiyekuwa kamati wala jamaa wa mtia saini. Wawili ni bora kuliko mmoja. Chagueni kwenye mkutano mkuu, si kamati iwachague. Mpeni vitabu vyote vya stakabadhi vikiwemo visivyotumika, taarifa ya benki, fomu za wagonjwa na daftari, wiki tatu kabla ya mkutano. Kazi yake ni kulinganisha: jumla ya stakabadhi na kilichoingia benki, kila kilichotoka na fomu yake. Kwa jumuiya ya ukubwa wenu ni kazi ya jioni mbili tatu. Asome taarifa yake mwenyewe mkutanoni, isisomwe na mshika fedha, na nakala iende kwa Mrajis pamoja na taarifa ya mwaka. Nauli na chai yake itoke kwenye michango ya wanachama, kama alivyosema Ustadh.